Spika Isiyo na Sanduku na Haki ya Jirani



Tumefundisha miaka mingi, na siku zote tuliwaambia wanafunzi kwamba elimu ya fizikia huanza pale mtu anapogongewa mlango. Sisi tuligongewa wetu usiku wa Jumamosi, hapa Durban, katika jengo la ghorofa ambalo familia zetu kadhaa zinakaa. Mjukuu wetu alikuwa amenunua sabufa kuukuu, kisanduku cheusi kilichozibwa pande zote, akaiweka ukutani na kupiga taarabu ya okestra. Redio yetu ndogo haijapata kututolea mlio wa besi la nyuzi kama ule. Tulikaa kitako tukifurahi kama watu walio barazani.

Mlangoni alikuwa jirani wetu wa chini, mama wa Kizulu, muuguzi wa zamu za usiku. Alituita "Baba", neno ambalo Kizulu na Kiswahili vinaligawana bila ugomvi. Akasema, "Baba, sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza nitalala saa ngapi."

Tulizima papo hapo. Lakini swali lake halikuzimika.

Kuku mgeni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waswahili si wageni wa jana katika mji huu. Tangu mwaka 1873 watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa waliletwa hapa, wakakaa King's Rest huko Bluff, wakaitwa Wazanzibari ingawa wengi wao walikuwa Wamakua. Katika miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwahamishia Chatsworth. Hata hivyo, sisi tuliokuja baadaye bado tunahesabiwa kuwa wageni, na waliokuwapo hapa mwezi wa Aprili 2015 hawahitaji kukumbushwa jambo hilo linaweza kufika wapi. Kelele ya mwenyeji ni kelele tu. Kelele ya mgeni huwa ni hoja.

Kuna na jambo la pili. Mnakumbuka kesi ya azana ya madrasa ya Isipingo Beach. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Durban iliamuru kwamba azana isisikike ndani ya nyumba ya jirani aliyelalamika. Mwezi wa Novemba 2022 Mahakama ya Rufaa ilitengua amri hiyo. Azana ile ilikuwa ya sauti ya mwanadamu tu, bila kipaza sauti. Tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini tangu siku ile tumemsikia zaidi ya kijana mmoja akisema, "Basi sasa hakuna wa kutunyamazisha." Hayo si maneno ya mtu aliyeifahamu hukumu. Wito wa sala uliotoka kifuani mwa muadhini na sabufa inayotikisa vikombe vya jirani si kitu kimoja, na atakayevifanya kimoja ndiye atakayeidhoofisha azana.

Mjukuu wetu hakuwa mbishi. Aliuliza tu, "Babu, hakuna njia ya mimi kusikia na yeye kulala?" Hapo tulilazimika kurudi darasani.

Kwa nini besi hupita ukutani

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi, na ukuta, pazia na zulia huyazuia. Besi ni kinyume chake. Uzi mnene kabisa wa besi la okestra hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani mara mbili ya sebule zetu nyingi. Wimbi kama hilo halijui pazia. Huujaza mgandamizo chumba kizima, na kuta, dari na sakafu hutikisika pamoja nalo.

Sabufa ya sanduku huongeza tatizo kwa tabia yake. Koni ya spika inapokwenda mbele husukuma hewa iliyo mbele na kuivuta iliyo nyuma. Sanduku huufungia ule upande wa nyuma, ukabaki upande mmoja tu unaotoa sauti, na besi yake huenea pande zote sawasawa: kulia, kushoto, juu na chini. Debe tupu haliachi kuvuma, na likivuma halichagui wa kumvumia.

Sasa ondoa sanduku. Iache spika juu ya ubao mmoja, wazi mbele na wazi nyuma. Mbele inasukuma wakati nyuma inavuta. Aliyekaa mbele husikia, na aliyekaa nyuma husikia. Lakini ubavuni msukumo na mvuto hukutana kwa nguvu sawa na kuuana. Sauti yake ina umbo la namba 8, na kiunoni mwa namba hiyo pana ukimya. Ukimya huo hauko kulia na kushoto peke yake. Uko katika bapa zima la ubao ule, hata juu na hata chini. Yaani uko upande wa dari, na uko upande wa yule mama muuguzi.

Wala jambo hili si geni kwa wazee. Redio za mbao za valvu, zile tulizosikilizia Sauti ya Unguja iliyoanza mwaka 1951, zilikuwa na spika iliyopigiliwa ubaoni na mgongo wa kadibodi yenye matundu. Hazikuzibwa. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, waliotangaza mwaka 1925 spika ambayo misingi yake ndiyo ya spika nyingi za leo, nao walifanya kazi na kabati zilizo wazi nyuma, na spika iliyouzwa kutokana na kazi yao ilikuwa na amplifaya yake humo humo ndani. Katika zama zetu mhandisi Siegfried Linkwitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 2018, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba spika ya namna hii inafaa sana katika vyumba vya kawaida.

Gharama ya ukimya

Hakuna cha bure. Kama msukumo na mvuto huuana ubavuni, basi mbele pia huuana kwa kiasi, na kadiri besi inavyozidi kuwa nene ndivyo hasara inavyozidi. Katika sabufa ya sanduku, ukitaka sauti ishuke hadi nusu ya mitikisiko kwa ukubwa ule ule, koni lazima iende mbele na nyuma mara 4 zaidi. Katika ubao wazi lazima iende mara 8. Kwa hiyo spika moja ndogo haifai kitu. Zinahitajika kubwa, na heri ziwe mbili.

Vilevile isitakiwe kufanya lisilohitajika. Tulikata kauli kwamba chombo chetu kisishuke chini ya mitikisiko 40 kwa sekunde. Besi la taarabu halishuki zaidi ya hapo, na dufu la kaswida halishuki. Ama kisomo cha Kur'ani na mawaidha, sauti ya mwanamume mzima akizungumza huanzia kiasi cha mitikisiko 85. Kumpitishia msomaji katika sabufa ni kumtia matope katika maji safi. Vijana wanaofunga mitambo katika kumbi zetu walizingatie hilo.

Tulivyokiunda

Tulinunua spika mbili za inchi 12, za omu 4 kila moja. Atakayenunua asome karatasi ya vipimo. Namba iitwayo Qts ikiwa 0.6 au zaidi ni njema kwa ubao wazi, na urefu wa mwendo wa koni ukiwa mkubwa ni bora zaidi. Wati nyingi zilizoandikwa juu ya boksi zisimshughulishe.

Umbo ni kama herufi H iliyolazwa: kabati lisilo na mlango wala mgongo, na ubao wa spika umesimama katikati yake. Plaiwudi ni ya milimita 18. Vipande ni hivi:

Mbavu mbili, kila mmoja sentimita 75.8 kwa 40.
Juu na chini, kila kimoja sentimita 37.6 kwa 40.
Rafu moja, sentimita 34 kwa 40.
Ubao wa spika, sentimita 34 kwa 66.

Rafu hukaa sentimita 8 juu ya ubao wa chini, na hapo chini ya rafu ndipo nyumba ya amplifaya. Ubao wa spika husimama juu ya rafu, katikati kabisa, ukiacha kiasi cha sentimita 20 mbele na 20 nyuma. Tundu la spika ya inchi 12 aghalabu ni sentimita 28, lakini pima spika yako mwenyewe kabla ya kushika msumeno. Tumia gundi ya mbao na skrubu, wala pasibaki ufa, kwani ufa hupiga mluzi.

Amplifaya tulichukua ile ndogo ya kisasa isiyopata moto sana, yenye njia mbili za wati 50, kila spika ikapewa njia yake. Hutumia umeme wa volti 24 kutoka katika adapta iliyofungwa kiwandani, kama ile ya kompyuta ya mkononi. Hili tunalisisitiza kwa wazazi: umeme wa ukutani ni volti 230, nao huua. Usimruhusu mtoto kufungua wala kuunda kitu kinachoingiza umeme huo ndani ya kabati la mbao. Adapta ibaki nje, na volti 24 peke yake ndizo ziingie. Nyuma ya chumba cha amplifaya pawe wazi ili hewa ipite.

Kabla ya amplifaya tuliweka kichujio kidogo cha sauti chenye kazi tatu: kukata yote yaliyo juu ya mitikisiko 90, kwa kuwa juu zaidi kabati la namna hii huanza kuvuma lenyewe; kukata yaliyo chini ya 40, ili koni zisipayuke; na kuinua polepole yaliyo katikati kadiri yanavyoshuka, kufidia ile hasara tuliyoieleza.

Spika moja tuliielekeza mbele na ya pili tukaigeuza nyuma, ili kasoro za mwendo wa koni zifidiane. Hapo ndipo tulipojikwaa. Mjukuu aliunga nyaya za zote mbili kwa namna moja. Tulipowasha, besi haikusikika kabisa, kwani moja ilikuwa ikisukuma na jirani yake ikivuta. Tulikaribia kumlaumu muuzaji. Kisha tulichukua betri ndogo ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye kila spika, tukatazama koni inakwenda upande gani. Iliyogeuzwa lazima nyaya zake zibadilishwe, chanya mahali pa hasi, ili koni zote mbili ziende upande mmoja wa chumba. Tulibadilisha, na besi la nyuzi likarudi.

Mtihani

Chombo hiki hakikai ukutani wala pembeni. Kinataka kiasi cha mita moja kutoka ukuta wa nyuma, na ubavu wake uelekee ukuta tunaoshirikiana na jirani. Chini yake tuliweka vipande vya mpira mnene juu ya zulia, kwa sababu ukimya wa hewani hauzuii mtetemo unaopita katika mbao na kushuka sakafuni.

Kisha tulifanya jambo ambalo tungelifanya kabla ya yote. Tulishuka, tukabisha, tukamwomba yule mama ruhusa ya kuketi nyumbani kwake robo saa. Mjukuu alibaki juu. Alipiga wimbo ule ule, kwanza kwa sanduku la zamani, halafu kwa kabati jipya, kwa sauti iliyo sawa kitini pake. Mara ya kwanza kioo cha kabati la vyombo kilinguruma, na mama akatutazama bila kusema neno. Mara ya pili kioo kilitulia.

Hatukusema kwamba kimya kilikuwa kamili. Chumba kina kuta, na kuta hurudisha sauti. Ukitega sikio karibu na bomba la maji, besi ilisikika kwa mbali, kama mtu anayetembea peku. Mama alisema, "Hii naweza kuishi nayo. Lakini nikitoka zamu siwezi kulala nayo." Alisema kweli, na hakuna ubao wa kulijibu hilo. Tulimwomba karatasi ya zamu zake. Sasa imebandikwa kwenye friji yetu, na kila mwanzo wa mwezi mjukuu hushuka kuchukua nyingine. Siku alizolala mchana, chombo hakiwashwi.

Sanduku la kwanza limevunjwa, na mbao zake ndizo rafu ya vitabu vya chuoni.

Mwenye kutaka vipimo au msaada wa msumeno atupate baada ya sala ya Ijumaa. Ila tutamuuliza kwanza: jirani yako wa chini hufanya kazi gani, na hulala saa ngapi? Asiyejua na aende kwanza akaulize, kisha ndipo aje tukate mbao.

Wabillahi tawfiq.