Saratani ya Mbwa (2): Uvimbe Unaoambukiza

Juma lililopita tulieleza uvimbe wa matiti. Leo tuutazame ule ambao mfugaji wa Kisumu Ndogo, Kibera ama Kawangware, jijini Nairobi, hana budi kuujua, maana mbwa wake wa ulinzi hufunguliwa usiku akazurura atakako: saratani ya sehemu za siri.

Dalili zake huhadaa. Matone ya damu huonekana sakafuni, na mwenye mbwa husema jike wake yuko kwenye joto. Lakini joto hupita baada ya wiki tatu hivi. Damu hii haikomi. Ukichungulia utaona nyama nyekundu yenye vinundu mfano wa koliflawa. Madume nao huugua, na wengine huota uvimbe puani, kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana.

Kinachoambukiza hapa si kirusi. Ni chembe hai za saratani zenyewe, zinazohama wakati wa kupandana. Mwaka 1876, daktari wa mifugo Mrusi, Mstislav Novinsky, alipandikiza kipande cha uvimbe kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, kikaota. Kisha mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa mbwa 546 kutoka nchi 43: wote chanzo chake ni mbwa mmoja aliyeishi Asia miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alishakufa zamani. Saratani yake ingali inazunguka, na mitaani kwetu imo.

Daktari hugandamiza kioo juu ya uvimbe, akakipaka rangi na kutazama kwa hadubini: chembe za mviringo zenye vitundu vyeupe ndani. Tiba ni vinkristini, dawa itokanayo na ua la Madagaska, sindano ya mshipani kila wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Wengi hupona kabisa. Watafiti waliokata vipande vya uvimbe kabla ya dawa na baada yake waliona chembe za kinga za mbwa mwenyewe zikiuvamia, jambo linalowavutia hata matabibu wa binadamu.

Sindano hii isidungwe na yeyote asiye daktari: ikimwagika nje ya mshipa huozesha nyama. Katika ploti zetu finyu, watoto wakae mbali na mkojo na kinyesi cha mbwa anayetibiwa. Kwa anayetafuta daktari, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, si mbali na Kawangware. Naona siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa wanapopangwa foleni, wakaguliwe na huko nyuma pia, na wahasiwe.

Juma lijalo: saratani ya tezi.