Shamba darasa: Kikundi kinapobaki na daftari lake

MKULIMA aliyeambiwa apande mahindi kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30 huweza kutii msimu mmoja. Mvua zikichelewa mwaka unaofuata, anarudi kumsubiri bwana shamba. Aliyejionea mwenyewe kwa nini nafasi hiyo inafaa hana haja ya kusubiri.

Hiyo ndiyo hoja ya mashamba darasa, utaratibu ulioanzia Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Huko mpunga ulikuwa ukishambuliwa na wadudu wa kahawia wafyonzao utomvu. Kadiri dawa ilivyopulizwa ndivyo walivyoongezeka, kwani dawa iliwaua pia buibui wanaowala. Serikali ilikwisha kupiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga mwaka 1986, lakini marufuku haimfundishi mtu kumtofautisha mdudu adui na rafiki.

Mwaka 1999 FAO na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) walianzisha mradi wa majaribio wa mashamba hayo magharibi mwa Kenya, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania.

Wanakikundi, kwa kawaida 20 hadi 30, hukutana kila wiki msimu mzima. Kipande kimoja cha shamba hulimwa kwa mazoea ya kijiji, kingine kwa mbinu inayojaribiwa. Watu wanne au watano huhesabu wadudu, hupima mimea, huchora walichokiona kwenye karatasi kubwa, kisha husimama mbele ya wenzao na kuulizwa maswali. Mwezeshaji mzuri hana haraka ya kujibu. Humrudishia muulizaji: "Wewe umeona nini?" Kwa bwana shamba aliyezoea kuhutubia, hilo si jambo rahisi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kushiriki kuliongeza kipato kwa wastani wa asilimia 61 katika nchi hizo tatu, ingawa matokeo yalitofautiana baina ya nchi na nchi.

Mtihani huja fedha za mradi zinapokwisha. Baadhi ya vikundi vya mradi ule vililima pia kipande cha biashara kando ya kile cha majaribio, na mauzo yake yakarudisha sehemu ya gharama za mafunzo. Kikundi chenye mfuko wa namna hiyo kinaweza kununua mbegu ya jaribio jipya. Nacho kikiwa na daftari la misimu iliyopita, hakitapoteza mwaka kujaribu kilichokwisha kushindikana.