Majedwali ya Madawa katika Sheria za Majimbo ya Marekani

Orodha iambatanishwayo na sheria huitwa na Waingereza na Wamarekani kwa neno la asili ya Kilatini ambalo maana yake ya kwanza ni kipande kidogo cha karatasi. Kwa Kiswahili lafaa neno jedwali, lililotoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya zamani ni kijito cha maji. Maneno yote mawili hayasemi lolote juu ya wema wala ubaya wa kitu kilichoandikwa humo. Lakini tangu Bunge la Marekani lilipopitisha Sheria ya Madawa Yanayodhibitiwa, mwaka 1970, namba ya jedwali imekuwa ni hukumu.

Majedwali ya serikali kuu ni matano. La kwanza ni la madawa yahesabiwayo kuwa rahisi mno kutumiwa vibaya na hayana kazi ya tiba inayokubaliwa, kama heroini. La pili ni la yale yaliyo hatari vile vile, ila madaktari huyatumia, kama mofini na kokeini. Na hushuka hivyo hata la tano, ambamo mna dawa za kikohozi zenye kodeini kidogo. Sheria hiyo ya 1970 iliiweka bhangi juu ya kokeini. Msomaji adhaniye kwamba namba yapima ukali peke yake hawezi kuelewa jambo hili. Kipimo cha pili ni tiba.

Majimbo nayo yana sheria zao. Mwaka huo huo wa 1970 ilitungwa sheria ya mfano ili majimbo yaifuate, na mengi yaliifuata, ila si sawasawa. North Carolina na Arkansas ziliongeza jedwali la sita, wakaitia bhangi humo. Virginia nayo ina jedwali la sita, lakini hilo ni la dawa zisizouzwa ila kwa cheti cha daktari, ambazo hazimo katika majedwali mengine. Tennessee ilifika hata la saba. Massachusetts iliacha namba ikatumia herufi, A hata E, kwa kusudi la kupima adhabu: heroini A, kokeini B, bhangi D. Kwa hiyo mfasiri aandikaye “jedwali la sita” bila kutaja jimbo hajasema kitu, na kwa sheria ya Massachusetts ni afadhali aandike “daraja”.

Shida kubwa zaidi imo katika miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haikuutaja mti wenyewe katika majedwali, bali vitu viwili vilivyomo: kathini, iliyotiwa katika jedwali la nne mwaka 1988, na kathinoni, iliyotiwa katika la kwanza mwaka 1993. Jani likiwa bichi lina kathinoni. Likikauka, kathinoni hupungua ikageuka kathini. (Ndiyo sababu wauzaji huufunga mzigo kwa majani ya mgomba, usipoteze unyevu.) Basi kitita kile kile chaweza kushuka kutoka jedwali la kwanza hadi la nne kwa kukauka tu. Mtu aliyezoea jina la miraa atajuaje kwamba kathinoni ndiyo hiyo? Mwaka 2003 mahakama ya rufani ya serikali kuu iliyoko Boston iliulizwa kama sheria ya namna hiyo yampa mtu onyo la kutosha. Ilikubali kwamba yatosha, maadamu mshtakiwa athibitishwe kuwa alijua alichukua kitu kilichokatazwa.

Mkalimani wa mahakamani ndiye hubeba uzito wa swali hilo. Kwa Mmeru wa Kenya miraa ni zao la shamba. Tanzania sheria ya 2015 yaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya. Mkalimani akifasiri kathinoni kwa neno “miraa”, amemtilia mshtakiwa kinywani ujuzi ambao mwendesha mashtaka alipaswa kuuthibitisha. Akiliacha neno la kikemia lilivyo, mshtakiwa haelewi ameshtakiwa kwa nini. Lililo bora ni kusema “kathinoni, kitu kilichomo katika baadhi ya mimea”, kisha kumwachia mwendesha mashtaka kuutaja mmea.