Mali bila daftari: simu ya mtafiti yafika Kanyangi

Wazee wetu wa pwani walikuwa wafanya biashara, na katika maneno waliyotuachia mna lile lisemalo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghlabu twalitumia dukani, tunapomwonya kijana anayekopesha watu unga na sukari bila kuandika. Lakini elimu nayo ni mali, tena hupotea upesi kuliko unga. Mtu huuliza, hujibiwa, huandika kwenye kijikaratasi, na baada ya mwaka mmoja hapana ajuaye ni nani aliyesema, alisemea wapi, wala alitumia maneno gani.

Siku hizi daftari la elimu limebadilika sura. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hawaendi tena mashambani na mabunda ya karatasi, huenda na simu. Majina ya vitabu walivyovisoma hupangwa na kompyuta. Na wako wanaoiuliza mashine swali, nayo ikawaandikia ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Je, daftari hili jipya lahifadhi mali ya elimu, au laipoteza kwa haraka zaidi? Swali hilo ndilo nililokwenda nalo Kanyangi.

KUTOKA PWANI HADI UKAMBANI

Kanyangi ni soko dogo upande wa kusini wa mji wa Kitui. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: yatuhusu nini? Lakini sisi na Wakamba si wageni. Katika karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, ikirudi na nguo na shanga. Tumejuana tangu zamani, japokuwa hatutembeleani sana.

Nchi ile ni kavu. Mito mingi hupita maji wakati wa mvua tu, kisha hubaki mchanga, na watu huchimba mchangani kutafuta maji. Punda ndio wabebao mitungi. Hulimwa kunde, mbaazi, mtama, na zile ndengu ambazo sisi huziita pojo. Kwa sababu ya shida hiyo ya maji, Kitui imekuwa kama darasa la watafiti. Wengine hutoka ng'ambo, na wengine hutoka karibu kabisa, kwani Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza, katika jimbo lilelile la uchaguzi la Kitui Rural ambamo Kanyangi imo.

Nilifuatana na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiwauliza akina mama habari za maji: huteka wapi, huenda mara ngapi kwa siku, na mtungi mmoja huuzwa shilingi ngapi wakati wa kiangazi. Maswali yake yote yalikuwa ndani ya simu.

SIMU MAHALI PA KARATASI

Chombo alichokitumia ni cha ukoo wa programu iitwayo Open Data Kit, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, Marekani. Ilipokuwa ingali changa ilitumiwa hapa kwetu Kenya, na wahudumu wa afya wa mpango wa AMPATH wa Eldoret waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba. Kutoka mizizi hiyo ilizuka nyingine iitwayo KoboToolbox, ambayo leo hutumiwa sana na wanaohudumia wakimbizi na watu waliopatwa na njaa au vita.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Maswali hupangwa kwenye kompyuta, kisha huingizwa katika simu. Mtafiti akiwa kijijini hahitaji mtandao, kwani majibu hukaa ndani ya simu hadi atakapofika penye mawimbi, ndipo yapelekwe. Simu huandika saa ya kila mahojiano, na kwa msaada wa setilaiti huandika mahali yalipofanyika. Mama akisema hana punda, swali la punda hurukwa lenyewe. Mtafiti akibonyeza kwa haraka kwamba mtoto ana miaka 300, simu iliyopangwa vizuri itakataa. Yule kijana mvivu wa zamani, aliyekuwa akikaa chini ya mti na kujijazia karatasi kwa majibu ya uongo, leo ana kazi kubwa ya kuficha, kwa kuwa ramani itaonyesha kwamba nyumba 20 zote zimo chini ya mti mmoja!

Hapana shaka hii ni faida. Faida nyingine ilionekana huko huko Kitui, upande wa kaskazini, mahali paitwapo Kyuso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono. Kifaa hicho huhesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha hutuma habari kwa ujumbe wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi hujua. Kabla ya jaribio hilo, pampu iliyoharibika ilikuwa ikingoja matengenezo kwa wastani wa siku 27 hivi. Wakati wa jaribio ngojo hilo lilishuka hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ikaendelezwa Kwale, kwetu pwani, na mwaka 2017 watafiti hao walichapisha matokeo kuonyesha kwamba kutokana na mtikisiko wa mpini wa pampu za Kwale, kompyuta inaweza kufundishwa kukadiria maji yako kina gani chini ya ardhi. Mama anapiga pampu apate maji ya kupikia, na bila kujua anawafundisha wanavyuoni habari za chemchemi iliyo chini ya miguu yake.

NENO LISILOINGIA KATIKA SIMU

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Swali moja katika simu ya yule mwanafunzi lilitaka kujua ni watu wangapi waliomo nyumbani. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, na kila aliyetumwa kuuliza alilifasiri kwa Kikamba papo hapo. Sasa, Kikamba kina neno musyi, yaani boma zima: baba, wana waliooa, wake zao na wajukuu. Kina na neno nyumba, ambalo ni dogo kuliko hilo. Ukiuliza kwa neno la kwanza, mama hukuhesabia watu wengi. Ukiuliza kwa neno la pili, yuleyule mama hukuhesabia wachache. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini simu haijui ni neno gani lililotamkwa. Hupokea tarakimu tu, na tarakimu hiyo husafiri hadi ikawa wastani, na wastani ukawa hoja ya kuamua kisima kichimbwe wapi. Maji ya watu hupungua katika hesabu kwa ajili ya neno moja.

Tusiwacheke. Sisi tuna neno kaya, ambalo katika lugha ya serikali na vyuo, hasa Tanzania, lina maana ya watu wanaoishi na kula pamoja. Chukua hojaji yenye neno hilo uende nayo Kwale, umwulize mzee wa Kidigo, "Kaya yako ina watu wangapi?" Kwake yeye kaya ni msitu mtakatifu wa wazee, kama Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mahali wanapoishi jamaa zake yeye hupaita mudzi. Atakuona mtu wa ajabu.

Dawa ipo, tena imo ndani ya chombo chenyewe. Programu hizi zakubali swali moja liandikwe kwa lugha mbili tatu, ili kila anayeuliza atamke maneno yaleyale. Zakubali pia sauti ya mhojiwa irekodiwe, akiridhia. Linalotakiwa ni mwenye utafiti akae na wajuzi wa lugha kabla ya kwenda, si baada ya kurudi. Mwanafunzi wetu aliiona tofauti hiyo siku ya kwanza, akakaa usiku na wenziwe wakaliandika swali upya kwa Kikamba.

ISNADI YA KOMPYUTA

Msomaji aliyepita madrasa atanielewa nikisema kwamba jambo hili si geni kwetu. Wanavyuoni wa hadithi hawakupokea neno mpaka waijue isnadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri nchi nyingi kwa kazi hiyo, na mpokezi asiyejulikana, au aliyejulikana kwa uongo, riwaya yake haikutegemewa.

Katika vyuo vya leo, kutaja marejeo ni kama isnadi. Wengi hutumia programu ya Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason cha Marekani, ambayo haina malipo. Jina lake latokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumudu jambo vizuri. Ukisoma makala, hulihifadhi jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na ukiandika tasnifu hukupangia orodha yote. Mwanafunzi wa Kwa Vonza au wa Pwani anaweza kuwa nayo sawa na wa London.

Hatari iko kwa ile mashine inayoandika yenyewe. Hiyo yaweza kukutungia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, ikakupa na jina la mwandishi na mwaka, kwa lugha tamu isiyo na shaka. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine iitwayo ChatGPT. Ikiwa mawakili waliosoma wamenaswa, sembuse kijana mwenye haraka ya kumaliza shahada? Riwaya isiyo na mpokezi haifai, hata ikiwa imepambwa vipi.

Na faida ya kutunza jina la mpokezi twaijua kwa mfano wa hapa kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yangalipotea mengi lau si Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari William Taylor aliyeyawekea maelezo. Karatasi hizo zilikwenda London, na leo zimo katika maktaba ya SOAS. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alipochapisha kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, aliweza kuifuata njia hiyo kwa sababu jina la Mwalimu Sikujua halikufutwa.

MAJIBU YATARUDI LINI?

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo yataka mtu aelezwe habari zake zachukuliwa kwa kazi gani. Mtafiti naye hutakiwa kuwa na kibali cha tume ya sayansi ya taifa, NACOSTI. Hayo ni ya sheria. Lakini kule Kanyangi mama mmoja, baada ya kujibu kila swali kwa subira, alimwuliza yule mwanafunzi, "Haya mwanangu, umeandika. Na majibu utatuletea lini?" Akaongeza kwamba wengi wamekuja kuuliza habari za maji, na hakumbuki aliyerudi.

Hakuna programu inayojibu swali hilo. Simu yaweza kulibeba jibu kutoka Kanyangi hadi Seattle kwa dakika moja, lakini kulirudisha kijijini kwahitaji mtu mwenye kujua kwamba amepewa amana. Mwanafunzi aliahidi kuandika ukurasa mmoja kwa Kikamba na kuusoma barazani kabla tasnifu yake haijafungwa. Kwa maoni yangu, vyuo vyetu vyafaa kulifanya hilo kuwa sharti, kama vile orodha ya marejeo ilivyo sharti.

Basi wewe msomaji, mgeni akibisha mlangoni kwako Kwale, Malindi au Siyu na simu mkononi, mkaribishe, lakini nawe umwulize matatu. Swali hili katika lugha yangu umeliandika kwa neno gani? Jina langu utalitaja au utalificha, na kwa ridhaa ya nani? Na utarudi lini kutueleza ulichokiona? Akikujibu vizuri, msaidie kwa moyo wote. Akibabaika, mwambie arudi chuoni kwanza akajipange.