Vidole vinavyokufa ganzi usiku: kagua mpini kabla ya kulaumu damu

Maswali yanayoifikia safu hii kutoka Mwanza yamekuwa mengi, na yanafanana. Anayechuna minofu ya sangara kiwandani anaamka usiku wa manane akikung'uta mkono uliokufa ganzi. Anayegonga kokoto vilimani analalamikia maumivu yanayopanda hadi kwenye kiwiko. Anayepiga kasia anauliza kama ni kweli kwamba kuzungushia mpini tepu ya msasa, ile yenye gundi upande mmoja na chengachenga upande wa pili, kunaharibu mishipa. Na karibu wote wameshaambiwa kwamba tatizo lao ni "damu chafu".

Tuanze na hilo, maana uongo huu unawamaliza watu fedha. Damu hufika kwenye vidole vyote vitano. Itakuwaje chafu kwenye gumba, cha shahada na cha kati, halafu iwe safi kwenye kidole cha mwisho? Ganzi inayochagua namna hiyo inaonyesha neva moja, ile inayopita katikati ya kifundo cha mkono ndani ya mfereji mwembamba, ikibanana na kano 9 zinazokunja vidole. Misuli inayozivuta kano hizo iko kwenye kigasha, si kiganjani, ndiyo maana maumivu hupanda juu. Kila unapokaza mpini, kano zinavutika ndani ya mfereji huo na neva inabanwa. Ukikaza hivyo zamu nzima, siku baada ya siku, utando unaozifunika kano unavimba na nafasi ya neva inazidi kupungua.

Swali la kuuliza, basi, ni kwa nini mkono unakaza kuliko kazi inavyodai.

Jibu liko kwenye msuguano. Kinachozuia kisu kisikuponyoke ni nguvu ya kubana ikizidishwa na msuguano kati ya ngozi na mpini. Msuguano ukipungua nusu, lazima ubane mara mbili. Na hesabu hiyo mwili unaifanya wenyewe. Mwaka 1984, Roland Johansson na Göran Westling wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walichapisha majaribio ambayo watu waliinua kitu kilekile kikiwa kimefunikwa kwa hariri, kwa ngozi laini au kwa msasa. Uzito haukubadilika, lakini vidole vilibana sana kwenye hariri na kidogo kwenye msasa, kila mara kwa nguvu inayozidi kidogo tu ile ya kuzuia kitu kisiteleze. Kikianza kuteleza, vidole hukaza ndani ya muda usiofika sekunde 0.1, kabla mtu hajajua.

Sasa upeleke mkono huo mezani penye sangara. Ute wa samaki, mafuta na maji ya barafu vinatanda kati ya ngozi na mpini, kwa hiyo vidole vinabana. Baridi inafifisha hisia za ncha za vidole, na kidole kisichohisi vizuri hubana zaidi kwa tahadhari. Neva ikishaumia, hisia zinapungua tena na mkono unazidi kukaza, jambo linaloiumiza neva zaidi. Glavu nene nazo hudai nguvu ya ziada.

Wanaotema mate viganjani kabla ya kushika jembe wana ukweli kidogo: ngozi yenye unyevu mdogo hulainika na kushika vizuri kuliko ngozi kavu. Ila maji yakizidi, msuguano unaporomoka. Vilevile tuache kusema kwamba vidole hukunjamana majini kwa sababu ngozi "imekufa". Tangu miaka ya 1930 inajulikana kwamba kidole kilichopoteza neva yake hakikunjamani, kwa sababu ni neva zinazobana mishipa midogo ya damu na kuivuta ngozi ndani. Mwaka 2021 Nick Davis, mtafiti wa Uingereza, alichapisha matokeo kwamba vidole vilivyokunjamana vinahitaji kubana kidogo kuliko vidole laini vilivyolowa.

Tepu ya msasa inaupa mpini kazi ileile ya mikunjo ya vidole. Maji yanapata mahali pa kukimbilia, vidole vinagusa kitu kikavu zaidi, na ubongo unaruhusu mkono ulegee. Haiharibu mishipa. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyozungushwa kwenye mipini hufanya kazi kwa kanuni ileile, ingawa mpira laini ukipata mafuta huteleza.

Lakini tepu hii isiwekwe kwenye kisu cha samaki. Chengachenga na mikunjo yake huficha ute na damu mahali ambapo brashi haifiki. Tepu kali pia huikwaruza ngozi, na kwenye ute wa samaki huweza kuwamo bakteria aitwaye Erysipelothrix, anayeingia kwenye mkwaruzo na kukifanya kidole kivimbe, kiwe na rangi ya zambarau na kuuma vibaya. Na usafi wa samaki si jambo dogo: mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya salmonela, kipindupindu na sumu. Mwanza inaujua uchungu huo. Kisu cha samaki kiwe na mpini wa plastiki uliochongwa mitaro tangu kiwandani, na kinolewe mara kwa mara, kwa sababu kisu butu hukulazimisha kubana zaidi.

Kwa nyundo, kasia na koleo: safisha mpini, ukaushe, zungusha tepu safu moja isiyo kali sana. Mpini usinenepe hadi gumba likashindwa kukaribia kidole cha kati. Ikianza kubanduka, itoe. Tepu haizuii mtikisiko wa mashine ya kutobolea mawe. Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, usipake mafuta ya taa wala majivu, na uliza chanjo ya pepopunda.

Ganzi ikidumu wiki kadhaa, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali. Upimwe pia sukari, maana kisukari na hata ujauzito huchangia. Muuza bangili za shaba na chupa za "kusafisha damu" hana cha kukupa zaidi ya kukupotezea muda ambao neva yako haina. Neva iliyobanwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya gumba, na misuli hiyo ikishanyauka ni vigumu irudi.

Kama umeajiriwa, ganzi ya kazini ni suala la mwajiri pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka alinde afya yako, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inagusa magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali pekee. Mweleze daktari unafanya kazi gani, na uhakikishe ameiandika.