Baridi ya Julai, Mafua na Dirisha Lililofungwa

Ndugu mkulima, mwezi wa Julai hapa Gatongora huwezi kujua saa kwa kutazama jua. Unatoka alfajiri kwenda kukamua, ukungu umelala juu ya majani ya ng'ombe, na hata saa sita mchana mawingu hayajafunguka. Baridi hii huanza Juni ikakaa mpaka Agosti. Huletwa na pepo za kusi kutoka Bahari ya Hindi. Zikipanda nyanda za juu, unyevu wake hugeuka mawingu mazito yanayozuia jua.

Siku hizo ndipo kila mtu huogopa kikohozi cha jirani. Mtu akipiga chafya ndani ya matatu ya Ruiru, wote humgeukia. Si ajabu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na utakumbuka jinsi matatu ya abiria 14 ilivyoamriwa kubeba 8 tu.

Lakini wengi bado husema, "Nimepigwa na baridi, ndiyo sababu nina mafua." Sivyo. Mafua huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo hutoka kwa mtu mgonjwa. Fikiri juu ya ile homa kuu ya mwaka 1918. Iliingia kwa meli Mombasa, mji wa joto, ndipo ikapanda bara. Kama baridi ndiyo mzazi wa homa, watu wa Pwani wangalisalimika.

Basi baridi ina kosa gani? Inatufungia ndani. Tunaziba madirisha kwa magunia, watoto wanalala chumba kimoja na nyanya yao, na mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ile ile mpaka asubuhi. Tena humo humo tunaingiza jiko la makaa, ambalo ni baya kuliko mafua. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, asiamke. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata nyanya akinung'unika. Mpe blanketi la pili.

Acha dirisha wazi kiasi cha kiganja. Nawa mikono kwa sabuni, kwa maana sabuni huvunja ganda la mafuta linalofunika virusi vya korona na vya homa ya mafua. Ukiwa na kikohozi, mwombe mwingine apeleke maziwa. Ikikubidi kwenda, vaa barakoa. Wala usipoteze fedha kununua dawa za antibiotiki kwa ajili ya mafua: hizo huua bakteria, haziui virusi.

Mtoto anayepumua mbio, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi, au anayekataa kunyonya, huyo si wa kungojwa. Mpeleke hospitali ya Ruiru au Thika siku hiyo hiyo, hata kama ng'ombe hawajakamuliwa.