Neno 'Nafaka': Asili na Sarufi Yake

Ikiwa unafundisha au unasomea Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, neno nafaka si geni kwako. Samaki na mifugo ni vya hapo. Nafaka nyingi huletwa kwa lori. Je, neno hili lilitoka wapi, na limo katika ngeli gani?

Asili
Nafaka limetoholewa kutoka Kiarabu nafaqa, yaani matumizi ya kukimu familia. Sauti q ilichukuliwa na k, kama ilivyo katika qalam (kalamu) na waqt (wakati). Maneno hayo mawili yaliongezewa irabu. Nafaqa halikuhitaji, kwa kuwa silabi zake zote tayari ni wazi.

Maana nayo ilifinyika, kutoka riziki kwa jumla hadi mtama, mahindi, wimbi, ngano na kadhalika. Hata hivyo, maana ya awali ingali hai katika maandishi ya sheria ya Kiislamu. Ukisoma kwamba mke anamdai mumewe nafaka, usiandike katika uhakiki wako kwamba anataka gunia la mahindi. Anadai haki ya kutunzwa. Ukikosea hapo, umepotosha hata dhamira.

Sarufi
(a) Nafaka imo katika ngeli ya I-ZI: Nafaka hii imeoza. Nafaka hizi zimeoza. 'Manafaka mengi' ni kosa. Sema nafaka nyingi.

(b) Hindi/mahindi ni LI-YA. Mmea wake, mhindi/mihindi, ni U-I. Linganisha: Mhindi umenyauka (mmea), Mhindi amefika (mtu, A-WA). Upatanisho wa kisarufi ndio unaotofautisha maana. Jina lenyewe linaashiria India, ingawa asili ya zao hili ni bara la Amerika.

(c) Mpunga, mchele na wali ni zao moja katika hatua tatu: shambani, baada ya kukobolewa, na baada ya kupikwa.

(d) Ngano ni nafaka, na pia ni hadithi ya fasihi simulizi. Zote ni I-ZI, hivyo upatanisho hausaidii. Ngano hii ni nzuri ina utata. Muktadha ndio mwamuzi.

Zoezi
1. Tunga sentensi mbili kubainisha maana mbili za nafaka.
2. Ondoa utata: Mama alituletea ngano.